Kwa nini Ramanujan ana siku yake na Al-Khwarizmi hana

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari moja mkoani Tanga. Kila tarehe 22 Desemba simu yangu hujaa picha za Ramanujan, mwanahisabati wa India, na ikifika Juni huwa zamu ya Turing wa Uingereza. Wanafunzi wananiuliza mbona Al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno "algoriti", yaani hatua za kufuata ili kutatua hesabu, hana siku yake. Je, kumbukizi hizi zinatusaidia kuwajua wanahisabati au zinatupotosha? Na nikitaka kumwadhimisha mmoja shuleni kwetu, nimchague nani?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe, basi nianze nao. Al-Khwarizmi hana siku kwa sababu hatuna tarehe yake. Tunajua alifanya kazi Baghdad zama za khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, na kitabu chake cha aljebra tunacho. Ila siku aliyozaliwa haikutajwa na yeyote ambaye maandishi yake yametufikia. Ule mwaka wa 780 unaouona vitabuni ni makisio ya wanahistoria.

Tarehe ikikosekana, wenye haja nayo huitengeneza. Mwaka 1983 Umoja wa Kisovyeti ulitoa stempu yenye sura ya Al-Khwarizmi, ukitangaza miaka 1200 tangu kuzaliwa kwake. Toa 1200 kwenye 1983 utapata 783, mwaka usio na ushahidi wowote kuushinda 780. Hata ile sura ni ya kuwaziwa, maana hakuna aliyemchora akiwa hai. Lakini nchi ya Khwarazm, ambako jina lake linatoka, wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya mipaka ya Wasovyeti, na dola ilitaka ijulikane kwamba baba wa aljebra ni mwana wa ardhi yake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1979, Donald Knuth wa Marekani na Andrei Ershov wa Urusi walikuwa wamewakusanya wataalamu wa kompyuta huko Urgench, Uzbekistani, kuzungumzia algoriti katika nchi ya mtu aliyezipa jina. Watu wa pwani wangeiita ziyara.

Kisa cha Omar Khayyam, mwanahisabati wa Uajemi, kinanifurahisha zaidi. Yeye pia hakuachiwa tarehe, ila mwandishi al-Bayhaqi alitaja nyota zake: ni buruji gani lilikuwa linachomoza alipozaliwa, na jua na sayari zilikaa wapi. Karne ya 20 mtafiti mmoja wa India, Govinda Tirtha, alikaa akapiga hesabu za falaki kurudi nyuma, akatoka na tarehe 18 Mei 1048. Leo Irani humkumbuka Khayyam siku hiyo. Ni jambo zuri kwamba mwanahisabati aliyeshughulikia kalenda alipatiwa siku yake kwa hesabu.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, na nitasema wazi ninachoamini. Kumbukizi ya mwanahisabati ni siku ya kulipa deni. Miaka mia inapotimia, kuna mtu serikalini au chuoni anayelazimika kutoa fedha, kuchapa kitabu au kuomba radhi kabla ya tarehe fulani. Pasipo tarehe, kazi hiyo hiyo ingeahirishwa miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo nikitaka kujua kama maadhimisho fulani yalikuwa na maana, hotuba nazipita. Natazama kilichobaki baada ya viti kukunjwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Niels Henrik Abel. Alizaliwa Norwei tarehe 5 Agosti 1802, mtoto wa mchungaji. Baba yake alifariki mwaka 1820 akaiacha familia katika ufukara. Aliyemwokoa ni mwalimu wake wa hisabati, Bernt Michael Holmboe, ambaye alimtambua mapema na kumtafutia msaada wa masomo. Nalitaja hili makusudi, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Mwaka 1824 Abel alithibitisha jambo lililowahangaisha watu karibu karne tatu. Wanafunzi wako wanaijua fomula ya mlinganyo wa kipeo cha pili. Za kipeo cha tatu na cha nne zilipatikana Italia karne ya 16. Abel alionyesha kwamba kwa kipeo cha tano fomula ya namna hiyo haipo: huwezi kuitatua milinganyo yote ya aina hiyo kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta vipeuo peke yake. Ruffini wa Italia alikuwa amekaribia kabla yake, lakini hoja yake ilikuwa na pengo. Abel alilipia uchapishaji kwa fedha zake mwenyewe, na ili kupunguza gharama akaibana hoja yote katika kurasa sita. Ikawa ngumu kufuatika hata kwa mabingwa.

Oktoba 1826, akiwa Paris, aliwasilisha makala ndefu kwenye Akademia ya Sayansi. Cauchy na Legendre, wanahisabati wakubwa wa Ufaransa, ndio waliopewa kuisoma, na Cauchy akaiweka kando. Abel akarudi kwao na madeni na kifua kikuu, akafariki tarehe 6 Aprili 1829 akiwa na umri wa miaka 26. Siku mbili baada ya kifo chake, rafiki yake August Crelle alimwandikia barua kutoka Berlin kumpa habari njema kwamba kazi imepatikana huko. Makala ya Paris ilikuja kuchapishwa mwaka 1841, kisha mswada wenyewe ukapotea tena, hadi Viggo Brun wa Norwei alipokuta sehemu yake kubwa mjini Florence mwaka 1952.

Sasa iangalie kalenda ikifanya kazi. Miaka mia ya kuzaliwa kwake ilikuwa itimie 1902. Sophus Lie, mwanahisabati mkuu wa Norwei wakati huo, aliposikia kwamba tuzo za Alfred Nobel hazitakuwa na ya hisabati, alianza kuwaandikia wenzake wa Ulaya ili iundwe tuzo ya Abel. Alifariki Februari 1899 kabla ya kuiona. Wazo liliendelea bila yeye. Mfalme Oscar wa Pili, aliyetawala Uswidi na Norwei kwa pamoja, alikuwa tayari kutoa fedha, na Ludwig Sylow na Carl Størmer wakaandika kanuni zake. Sherehe zikafanyika Christiania, ndiyo Oslo ya leo. Mwaka 1905 Norwei ikajitenga na Uswidi, na tuzo ikafa pamoja na muungano ule. Kilichobaki ni sanamu ya Gustav Vigeland ya mwaka 1908 katika bustani ya ikulu: kijana asiye na nguo amesimama juu ya maumbo mawili ya binadamu yanayopaa. Vigeland hakujali kufananisha sura.

Kwa karibu miaka mia nyingine hakuna aliyeona haraka. Mwaka 1929, miaka mia ya kifo, zilitoka stempu. Thamani ya hisabati ya Abel haikupungua muda wote huo. Wanahisabati waliendelea kuitumia kila siku, na jina lake lilikuwa limo katika kila kitabu cha aljebra ya chuo kikuu. Kilichokuja kubadilisha mambo ni kwamba mwaka 2002 ulikuwa unakaribia. Arild Stubhaug, aliyeandika maisha ya Abel mwaka 1996, alikuwa miongoni mwa waliolifufua wazo la Lie. Agosti 2001 Waziri Mkuu Jens Stoltenberg akatangaza mfuko wa kroner milioni 200. Tuzo ya kwanza ilikwenda kwa Mfaransa Jean-Pierre Serre mwaka 2003. Ya mwaka 2007 aliipata S. R. Srinivasa Varadhan, mzaliwa wa Chennai, na mwaka 2019 Karen Uhlenbeck akawa mwanamke wa kwanza kuipokea.

Fikiria hapo, Mwalimu. Tuzo iliyotungiwa kanuni mwanzoni mwa karne ya 20 ilisubiri mpaka namba ya pili yenye sifuri mbili, yaani miaka 200, ifike. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kumbukizi ni upuuzi wa picha na keki. Pasipo 2002, kijana yule aliyekosa hela ya kuchapa ukurasa wa saba asingekuwa na jina linalotajwa redioni kila mwaka.

Lie mwenyewe alijua nguvu ya siku hizi kwa sababu alikwishaitumia. Mwaka 1895 École Normale ya Paris, shule ya kuandaa walimu, ilipoadhimisha miaka mia, Lie ndiye aliyeandika, katika kitabu cha maadhimisho, juu ya athari katika hisabati ya Mfaransa Évariste Galois, aliyeonyesha ni milinganyo ipi inayotatulika kwa vipeuo. Hii ndiyo shule iliyomfukuza Galois. Kijana huyo alikufa tarehe 31 Mei 1832, ana miaka 20, kwa risasi aliyopigwa katika pambano la bastola. Mwaka uliofuata kitabu hicho, 1896, Paul Dupuy wa shule hiyo hiyo alichapisha maisha ya Galois kwa kutafuta hati za kweli, na mpaka leo wanaomwandika Galois wanaanzia kwa Dupuy. Mwaka 1909 kibao kilipobandikwa kwenye nyumba aliyozaliwa, Bourg-la-Reine, Jules Tannery alisimama kwa niaba ya shule akamtaka radhi marehemu. Ilikuwa imepita miaka 77.

Lakini ni kumbukizi za Galois hizo hizo zinazonipa hasira, na hapa ndipo nakubali kwamba siku hizi hupotosha. Kila zinapofika tunasimuliwa kwamba aliandika nadharia yake yote usiku mmoja, mshumaa ukiwaka, kabla ya pambano la alfajiri. Ni kweli aliandika barua usiku ule kwa rafiki yake Auguste Chevalier, na ni barua ya kuliza. Ila kazi aliyokuwa akiieleza humo alikuwa ameipeleka Akademia tangu 1829, akaiandika upya, na Januari 1831 akaiwasilisha tena. Ni kazi ya miaka, iliyokataliwa, iliyorekebishwa. Mwanafunzi akiamini kwamba hisabati huteremka usiku mmoja kwa mwenye kipaji, kesho akishindwa swali la tatu la zoezi atajiona hana kipaji na kuacha. Hotuba ya maadhimisho ina dakika kumi, na dakika kumi zinatosha kisa cha usiku mmoja, hazitoshi miaka mitatu ya kusahihisha.

Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, hana kisa cha kuliza. Alizaliwa Basel tarehe 15 Aprili 1707, akaoa, akapata watoto wengi, akapofuka, akaendelea kufanya kazi mpaka siku ya kufa, tarehe 18 Septemba 1783 mjini St. Petersburg. Pengine ndiyo maana kumbukizi yake ilizaa kitu chenye uzito. Mwaka 1883, miaka mia ya kifo, Ferdinand Rudio alitoa hoja kwamba maandishi yote ya Euler yakusanywe. Hakuna kilichofanyika. Mwaka 1907, miaka 200 ya kuzaliwa, hoja ikarudi na wageni wakiwa ukumbini, na safari hii Chama cha Sayansi Asilia cha Uswisi kikaikubali. Juzuu la kwanza lilitoka 1911. Kazi ilichukua zaidi ya miaka mia na juzuu zimepita 80. Hakuna aliyekuwa kwenye sherehe ya 1907 aliyeishi kuona mwisho wake. Kwangu hiyo ndiyo kumbukizi bora kuliko zote ninazozijua, na ajabu ni kwamba haina picha ya kutumiana kwenye simu.

Twende kwa Ramanujan wako. Srinivasa Ramanujan alizaliwa Erode, India ya kusini, tarehe 22 Desemba 1887, akafariki tarehe 26 Aprili 1920. India ilimtolea stempu mwaka 1962, miaka 75. Hata hivyo mjane wake Janaki alikuwa bado yuko hai Madras, akijipatia riziki kwa kushona. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alimuuliza mwandishi wa gazeti sanamu ya mume wake aliyoahidiwa zamani iko wapi. Maneno hayo yalimfikia Richard Askey, mwanahisabati wa Marekani. Askey akachangisha wenzake, zaidi ya mia moja kutoka nchi mbalimbali, na mchongaji Paul Granlund akatengeneza sanamu za shaba za kichwa na mabega, moja akapewa Janaki. Hapakuwa na miaka mia, wala kamati, wala serikali. Mjane aliuliza akasikika. Nikisoma habari za maadhimisho makubwa huwa namkumbuka mama yule, maana alikuwa amemkumbuka mume wake miaka sitini bila kusubiri namba yoyote itimie.

Halafu ikaja 1987. Miaka kumi na moja kabla yake, mwaka 1976, mwanahisabati wa Marekani George Andrews alikuwa amekuta kwenye maktaba ya Trinity College, Cambridge, lundo la karatasi za mwaka wa mwisho wa maisha ya Ramanujan, fomula zaidi ya mia sita zikiwa zimeandikwa bila uthibitisho. Watu wakaziita daftari lililopotea. Tarehe 22 Desemba 1987 zilitolewa zikiwa kitabu huko Madras, na Waziri Mkuu Rajiv Gandhi akamkabidhi Janaki nakala ya kwanza. Ndiyo maana nasisitiza tarehe: zile karatasi zilijulikana tangu 1976, lakini kilichoziweka mikononi mwa kila mwenye kutaka ni sherehe ya 1987.

Siku unayoiona kwenye simu yako imetokana na kumbukizi ya baadaye. Desemba 2011, mjini Chennai, Waziri Mkuu Manmohan Singh alitangaza 2012 kuwa Mwaka wa Kitaifa wa Hisabati, kwa ajili ya miaka 125 ya Ramanujan, na 22 Desemba kuwa Siku ya Kitaifa ya Hisabati. Kwa hiyo siku hiyo ni ya taifa moja ambalo lina watu wengi na simu nyingi. Picha zinazokufikia Tanga ni mawimbi yake.

Na zinaleta nini? Karibu kila mara ni ile habari ya teksi namba 1729, ambayo Ramanujan alimwambia Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, ni namba ndogo kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa njia mbili kama jumla ya namba mbili za kipeo cha tatu: 1 na 12, au 9 na 10. Habari tamu, na wanafunzi wako wanaweza kuihakiki kwa kalamu. Jina ambalo halimo kwenye picha hizo ni Bruce Berndt. Huyu alichukua madaftari ya Ramanujan, fomula moja baada ya nyingine, akayatafutia au kuyakusanyia uthibitisho katika juzuu tano zilizotoka kati ya 1985 na 1998, kisha yeye na Andrews wakafanya hivyo hivyo kwa daftari lililopotea, juzuu tano nyingine, la mwisho likitoka mwaka 2018. Mtu anayethibitisha hana siku ya kuzaliwa inayosherehekewa. Ningependa wanafunzi wajue kazi yake ipo.

Turing nitampitia haraka, maana umemsikia vya kutosha. Alizaliwa tarehe 23 Juni 1912. Mwaka 1952 alihukumiwa kwa sheria ya Uingereza iliyofanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, akafariki 1954. Serikali iliomba radhi 2009, miaka mia yake ikaadhimishwa 2012, msamaha wa kifalme ukatoka Desemba 2013, na noti ya pauni 50 yenye sura yake ikaingia mikononi mwa watu tarehe 23 Juni 2021, siku yake ya kuzaliwa. Deni lilikuwa kubwa na limelipwa kwa sehemu. Ila mwanga wa sherehe ya mtu mmoja huwatia giza waliokaa naye. Turing husifiwa kwa kuvunja Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri, lakini mwaka 1932 Marian Rejewski wa Poland ndiye aliyeuvunja kwanza usiri wa mashine hiyo, kisha akaendelea na wenzake Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, na mwaka 1939 Wapoland wakawapa Waingereza walichokijua. Uliza darasani kwako nani alivunja Enigma uone jina gani litatajwa.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa pwani tunalielewa bila kufundishwa: siku ya kuzaliwa na siku ya kufa hazisimulii kisa kimoja. Tuna Maulidi, na tuna hauli. Tanzania inamkumbuka Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, na siku hiyo huwa na uzito ambao 13 Aprili haina. Kwa wanahisabati, kuzaliwa ndiko kunakopendwa na serikali, maana mtoto huzaliwa nchini na nchi hujisifu. Euler alizaliwa Uswisi, ila miaka mingi ya kazi yake ilikuwa Urusi na Berlin. Kwenye miaka inayoishia na 7, ya kuzaliwa kwake, Uswisi hushangilia zaidi. Emmy Noether alizaliwa Erlangen, Ujerumani, tarehe 23 Machi 1882, akafukuzwa kazi na serikali ya Hitler mwaka 1933, akafariki Marekani 1935. Mwaka 1982 mkutano wa miaka mia yake uliandaliwa na chama cha wanawake katika hisabati cha Marekani, tena Bryn Mawr, chuo alichofundisha mwishoni. Waliomkumbuka pale ni wale waliompokea.

Maryam Mirzakhani wa Irani, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, alifariki tarehe 14 Julai 2017 akiwa na miaka 40. Mwaka uliofuata, wanahisabati wanawake waliokutana Rio de Janeiro waliletewa pendekezo na wenzao wa Irani: siku yake iwe 12 Mei, aliyozaliwa, na iwe siku ya wanawake wote katika hisabati. Wangeweza kuchagua Julai na kuomboleza. Walichagua Mei, wakati vyuo vingi viko wazi na wasichana wako darasani.

Hilo linanileta shuleni kwako. Tarehe 22 Desemba shule zetu zimefungwa. Tarehe 14 Machi, inayoitwa Siku ya Pai, ilianzishwa San Francisco mwaka 1988 na Larry Shaw, kwa kuwa Wamarekani huandika mwezi kwanza, 3/14, na pai ni takriban 3.14. UNESCO ikaifanya siku ya kimataifa ya hisabati mwaka 2019, na sina ubaya nayo. Lakini sisi tunaandika 14/3, na hapo pai haionekani. Nilialikwa siku hiyo shule moja, mtoto akakariri tarakimu mia za pai bila kukosea, tukapiga makofi. Nilipouliza pai ni kitu gani, ukumbi ukanyamaza. Niliondoka na huzuni, maana yule mtoto alikuwa na akili na juhudi, na hakuna aliyempa kipande cha kamba na sufuria apime mwenyewe mzingo na kipenyo, kisha agawanye.

Ushauri wangu ni tarehe 22 Julai. Kwa uandishi wetu ni 22/7, ile sehemu iliyo katika kila kitabu cha kiada tunachotumia. Hiyo siku haiadhimishi mtu, inaadhimisha hoja: Archimedes, Mgiriki wa kale ambaye naye hatuijui siku yake ya kuzaliwa, alichora poligoni za pande 96 ndani na nje ya duara, akathibitisha kwamba pai ni kubwa kuliko 223/71 na ni ndogo kuliko 22/7. Wape kamba, sufuria, na poligoni ya pande 6, kisha 12. Watakaofika 12 watajua kwa nini alihitaji subira ya kufika 96. Halafu waulize swali ambalo wanafunzi wengi hujibu vibaya: je, 22/7 ni pai?

Na ukitaka mtu, basi ninaye mmoja. Muhammad ibn Muhammad al-Fullani al-Kishnawi alikuwa mwanachuoni kutoka Katsina, katika Naijeria ya leo. Alikwenda kuhiji, akakaa Cairo, na huko akaandika kwa Kiarabu juu ya miraba ya namba, ile ambayo kila mstari, kila safu na kila mshazari hutoa jumla moja. Babu zetu wa pwani waliijua kwenye vitabu vya falaki na kwenye hirizi. Mdogo kabisa una namba 1 hadi 9 na jumla yake ni 15: juu 4, 9, 2, katikati 3, 5, 7, chini 8, 1, 6. Al-Kishnawi alieleza namna ya kuijenga yenye idadi witiri ya safu. Alifariki Cairo mwaka 1741. Mwaka huo tunaujua kwa sababu alimfundisha Hasan al-Jabarti, na mtoto wa Hasan, Abd al-Rahman, akawa mwanahistoria, akamwandika mwalimu wa baba yake. Hana noti, na hana tuzo. Miaka 300 ya kifo chake itatimia 2041. Wanafunzi wako wa leo watakuwa watu wazima, baadhi yao wakiwa wizarani, wakisaini bajeti. Anza kwa kuwapa mraba wa tano kwa tano waujaze wenyewe, na jina lake liandikwe juu ya ubao.